Kibenga: Jinsi lugha ya C inavyoamua kwa neno 'kama'

Katika miaka ya karibuni, maji ya Ziwa Tanganyika yameingia katika sehemu za ufuoni za Kibenga, mtaa ulio kusini mwa Bujumbura. Kwa kijana anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta, kimo cha ziwa hilo ni zoezi zuri: kompyuta ipewe kipimo, kisha iamue iwapo wakazi waonywe.

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, hutumia neno if kwa maana ya "kama" na else kwa "la sivyo". Sharti huandikwa ndani ya mabano, na likiwa kweli, amri inayofuata hutekelezwa.

Ziwa huwa karibu mita 775 juu ya usawa wa bahari, na mwaka 1964 lilipita mita 777. Mwanafunzi anayetaka tahadhari itolewe kati ya vipimo hivyo huandika kwa mazoea ya hisabati:

if (775 < kimo < 777)

C haikatai, na hapo ndipo penye mtego. Hulinganisha kwanza 775 na kimo, ikapata 1 kwa kweli au 0 kwa si kweli. Kisha jibu hilo, wala si kimo, ndilo linalolinganishwa na 777. Sifuri na moja zote ni ndogo kuliko 777, kwa hiyo onyo hutolewa kila siku, masika na kiangazi, hadi watu waache kulisikiliza. Usahihi ni huu:

if (kimo > 775 && kimo < 777)

Alama && maana yake ni "na". Hata hivyo, maji yakifika 777 programu hunyamaza, ilhali hatari imezidi. Huongezwa basi sharti la pili:

else if (kimo >= 777)

Kosa jingine ni kuandika = badala ya ==. Alama moja hailinganishi. Hufuta kipimo kilichosomwa na kuweka kingine mahali pake.

Kabla ya kuendesha programu, mwanafunzi aandike kwenye karatasi jibu analolitarajia kwa 774, 775, 776, 777 na 778. Vipimo vya mpakani, 775 na 777, ndivyo hufichua makosa mengi.