Sikukuu Iandaliwe Mavunoni, Salamu Isubiri Siku Yake

Mkoani Songwe, Krismasi huja na mvua. Kufikia katikati ya Novemba mawingu huwa yameanza kujikusanya juu ya milima ya Ileje na nyanda za Mbozi, na mvua za kwanza zikishanyesha hakuna kaya ya mkulima inayokaa bure. Mbegu ya mahindi inatakiwa, mbolea ya kupandia inatakiwa, na asiye na ng'ombe wa kulimia atalipia plau ya jirani. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023 imepunguza bei, lakini mkulima bado anatoa fedha yake mfukoni kabla ya kubeba mfuko. Wiki chache baadaye mahindi yanadai mbolea ya kukuzia, na hapo Januari imeshabisha hodi na shule zinafunguliwa. Ada katika shule za serikali, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, imeshaondolewa, ila sare, viatu na madaftari ni vya mzazi. Katikati ya madai hayo yote, shamba upande huu na shule upande ule, ndipo ilipo tarehe 25 Desemba. Mtu akiuliza maandalizi ya sikukuu yaanze lini, katika mkoa huu swali hilo halijibiwi kwa kalenda ya ukutani. Linajibiwa kwa kalenda ya shamba, nayo inasema yaanze mavunoni, Juni au Julai. Salamu ya sikukuu ina kalenda yake nyingine, nayo haina haraka kabisa. Wengi wetu tumezigeuza: tunaanza kupongezana mapema Desemba, halafu tunatafuta mchele tarehe 23.

Tazama fedha inapokuwa. Mahindi ya nyanda za juu huvunwa kati ya Mei na Julai. Kahawa ya Mbozi huchumwa kuanzia miezi hiyohiyo, na malipo yake hufuata kadiri chama cha ushirika kinavyouza mnadani. Mpunga wa bonde la Kamsamba, wilayani Momba, nao hutoka shambani katika kipindi hicho, na hapo ndipo mchele unapokuwa rahisi, kwa kuwa kila mtu anauza. Baada ya hapo bei hupanda polepole kadiri maghala yanavyopungua, na Desemba humkuta mkulima ananunua kwa sado, kwa bei ya juu, chakula kilekile alichokiuza kwa gunia miezi mitano nyuma. Familia inayojua kwamba italisha watu 15 siku ya Krismasi haina sababu ya kuuza gunia la mwisho Agosti. Ikibakiza debe moja la mpunga, imelifunga vizuri, imeliweka mbali na panya na unyevu, nusu ya sikukuu imekwisha kuandaliwa, tena bila kutoa hata shilingi.

Kuku naye ni vivyo hivyo. Jogoo wa kienyeji anahitaji karibu miezi sita tangu aanguliwe hadi awe wa kuchinjwa mbele ya wageni, kwa hiyo jogoo wa Krismasi ni kifaranga wa Juni. Na kati ya Juni na Desemba kuna kiangazi, msimu ambao kideri, wengine wanauita mdondo, unaweza kufagia banda zima kwa wiki moja. Dawa ya kuutibu haipo, chanjo ipo: tone moja jichoni kwa kila kuku, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja huchanja kuku wengi, ndiyo maana majirani hufanya vizuri kukinunua kwa pamoja na kuchanja siku moja, alfajiri, kuku wakiwa bado bandani. Mama anayeshika kuku kwapani Julai na kumdondoshea tone hilo anaiandaa Krismasi kwa uhakika kuliko mtu atakayekimbilia mnadani siku moja kabla, akiwa na fedha kidogo na chaguo dogo.

Kisha kuna mambo yanayotegemea watu wengine, na hayo ndiyo hukwama zaidi. Fundi cherehani wa Vwawa au Mlowo ana mikono miwili tu. Kuanzia katikati ya Desemba meza yake hufunikwa na vitenge vilivyokunjwa, kila kimoja na kikaratasi cha vipimo kilichobanwa kwa pini, na nguo ya mtoto iliyoletwa tarehe 20 hushonwa usiku, kwa haraka, pindo likiwa halijanyooka. Huwezi kumlaumu fundi huyo. Kitambaa kilekile kingefika kwake Oktoba, kingeshonwa mchana kwa utulivu, na mtoto angepata muda wa kujaribu. Usafiri nao ni hivyohivyo. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na wiki ya mwisho kabla ya sikukuu kila mwenye kwao Songwe, Mbeya, Njombe na Iringa anatafuta kiti katika barabara ileile. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hukumbusha kila mwaka kwamba nauli zina ukomo uliowekwa, lakini abiria anayefika kituoni Mbezi Luis tarehe 23 bila tiketi hana nguvu ya kubishana na mpiga debe. Aliyekata mapema anayo.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni la haki. Fedha iliyowekwa Julai haifiki Desemba, kwa sababu kuna ugonjwa, kuna msiba, kuna ndugu anayepiga simu saa nne usiku. Ni kweli, na ndiyo sababu akiba ya sikukuu isiwekwe mfukoni wala kwenye simu, mahali ambapo mkono unafika kirahisi. Iwekwe katika kitu, kama mpunga na kuku, au iwekwe kwa watu. Vikoba vinafanya kazi hii vizuri, na vingi huvunja mzunguko na kugawana mwishoni mwa mwaka. Vipo pia vikundi vinavyochangishana kwa ajili ya ng'ombe: kaya 10 au 20 zinatoa kidogokidogo, ng'ombe anachinjwa asubuhi ya mkesha, kila kaya inaondoka na fungu lake. Hesabu yenyewe haitishi. Mwenye kuweka shilingi 2,000 kila wiki kuanzia mwanzo wa Julai hadi katikati ya Desemba atakuwa ameweka kwa wiki 24, na mkononi atapata shilingi 48,000 ambazo kwa mkupuo mmoja pengine asingezipata. Msiba ukitokea, kikundi kina mfuko wa jamii kwa ajili hiyo, na fedha ya sikukuu inabaki ilipo.

Pingamizi la pili linatoka Tunduma yenyewe. Mji ule haulimi, unauza. Unaishi kwa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo, kwa maduka ya jumla, kwa wabadilisha fedha, wapagazi, mama lishe na bodaboda. Kwa watu hao Desemba ndiyo mavuno, wanunuzi wa pande zote mbili za mpaka wakijaa sokoni, sasa utawaambiaje waandae mambo Julai? Nakubali kwamba kalenda yao ni tofauti. Ila hata wao wanavuna baada ya kupanda. Mwenye duka anayetaka viatu vya watoto rafuni mwanzoni mwa Desemba ameviagiza Oktoba, maana mzigo kutoka bandarini hausafiri kwa kupuliziwa. Na mpagazi anayepata fedha nzuri wiki ya Krismasi ana Januari mbele yake, mwezi dume, wateja wameishiwa na mzigo umepungua. Maandalizi yake ya sikukuu ni kujua kabla, wala si siku ya tarehe 26, ni kiasi gani cha fedha ya Desemba ni cha Desemba na kiasi gani ni cha Januari. Kipato cha siku kinabadilisha tarehe ya kuanza. Kuanza mapema kunabaki palepale.

Wapo pia wanaoogopa, tena kwa nia njema, kwamba kuanza mapema ni kuikaribisha Krismasi ya biashara. Ufilipino nyimbo za Noeli husikika madukani tangu Septemba, na katika nchi nyingi za Ulaya mapambo hutangulia hata majani hayajaisha kupukutika. Hofu hiyo naielewa, na hapa ndipo ninapotenganisha mambo mawili. Kutunza mpunga ni jambo moja, kupiga vigelegele ni jingine. Dini zetu zimelijua hili zamani. Makanisa yana Majilio, wiki nne za kungoja zinazoanza Jumapili inayoangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Katika misa za Wakatoliki za Jumapili hizo padri huvaa zambarau na wimbo wa Utukufu hauimbwi, unatunzwa hadi Krismasi. Wamoravian, waliofungua kituo chao cha Mbozi mwaka 1899, wana desturi ya kutundika nyota katika Majilio: taa ya kungojea. Waislamu nao wana utaratibu unaofanana kwa undani. Zaka ya fitri hutolewa kabla ya swala ya Idi, ili maskini naye apate cha kupika siku hiyo, lakini Idi yenyewe haitangazwi mpaka mwezi uandame. Tendo la kumwandalia mwenzako linatangulia, neno la furaha linangoja.

Ndiyo maana naona salamu ya Krismasi inayorushwa tarehe 5 Desemba kwa watu 200 kwa mpigo inapoteza ladha. Ikifika siku yenyewe mtu hana tena la kusema. Salamu ina uzito ikitolewa kwenye mkesha au siku ile, au katika siku zinazofuata, maana kwa kalenda ya kanisa Krismasi haiishi tarehe 25. Kwa anayesafiri na hamtaonana tena, kumtakia sikukuu njema mapema ni adabu, na hapo neno lenyewe linaonyesha kwamba ni la kuagana.

Ni neno gani basi? Kiswahili kimetupa chaguo pana. "Heri ya Krismasi" na "Krismasi njema" ni sawa kwa maana, la kwanza likiwa na sauti ya dua kidogo kwa sababu heri ni kumtakia mtu mema. "Noeli njema" ina harufu ya kanisani na ya misheni ya Kifaransa, nayo hutumika sana Kongo, ambako Mwaka Mpya wanauita Bonane, neno ambalo madereva wa malori wa Lubumbashi huvuka nalo mpaka. "Heri ya sikukuu" au "Sikukuu njema" hutosha kwa yeyote. Huko Marekani watu wamegombana miaka mingi kama mwenye duka aseme Krismasi au aseme sikukuu tu, kila upande ukiona umefutwa. Sisi ugomvi huo hatuna haja nao. Sikukuu ni neno letu la siku zote, limebeba Idi, Pasaka, Krismasi na Saba Saba bila kumnyima mtu chake. Mwaka 2000 Idi ya Fitri iliangukia wiki ileile ya Krismasi, na kadiri mwaka wa Kiislamu unavyorudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, Ramadhani itafika tena Desemba mwaka 2030. Salamu hiyo moja itafaa nyumba zote mbili.

Kanuni ninayoishika ni kwamba salamu ni ya anayepokea. Jirani Mwislamu umtakie Idi njema siku ya Idi, na Desemba umwambie sikukuu njema na heri ya Mwaka Mpya, umwalike chakula ukiwa umehakikisha kimechinjwa kwa namna anayoweza kula. Hilo nalo ni la kupanga kabla. Mashahidi wa Yehova hawaadhimishi Krismasi, hivyo salamu ya kawaida inawatosha, na si unafiki kuitumia. Kwa mzee, wa dini yoyote, kijana asianze na Krismasi. Aanze na shikamoo, angoje marahaba, aulize hali ya nyumbani, ndipo amtakie heri. Na ukitakiwa heri, "asante, nawe pia" haijapungukiwa na kitu.

Limebaki jambo moja kwa wanaoishi mpakani. Tunduma na Nakonde zimegusana, mtu anavuka kwa miguu, na Wanyamwanga wana ndugu pande zote mbili. Lakini Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Usiku wa tarehe 31 Desemba, kengele zinapolia Tunduma saa sita, ng'ambo ya geti ni saa tano na watu bado wako kwenye mkesha wa mwaka unaoisha. Kama una shangazi Nakonde, mpe saa yake moja kwanza, ndipo umpigie.