Bawa la Nyuma Haliongezi Mwendo

Swali ni lile lile. Huulizwa na vijana wenye Subaru, wenye Altezza, na siku hizi hata wenye Vitz: "Nikifunga bawa nyuma, gari litaongeza spidi?" Haliongezi. Linapunguza. Nimeshalijibu kwa mdomo mara nyingi mno, na bado kila gereji ina fundi anayeuza mabawa hayo kwa ahadi ya mwendo na ya kuokoa mafuta. Ahadi zote mbili ni za uongo.

Bawa la gari la mbio ni bawa la ndege lililopinduliwa. La ndege linanyanyua, la gari linakandamiza. Tairi zikikandamizwa zinashika barabara, na dereva anaweza kuingia kona kwa mwendo ambao bila bawa ungemtupa nje. Malipo yake ni ukinzani wa hewa, na hakuna bawa linalokandamiza bure. Asiyeamini aitazame Formula 1. Kuanzia 2011 hadi 2025 magari yale yalikuwa na mfumo wa DRS: dereva aliyemkaribia mwenzake kwa chini ya sekunde 1 aliruhusiwa, kwenye sehemu maalumu zilizonyooka, kubonyeza kitufe na kufungua ubao wa juu wa bawa la nyuma ili hewa ipenye. Hapo ndipo gari lilipochomoka na kupita. Kama bawa huongeza mwendo, wahandisi wale walikuwa wanalifungua kwa sababu gani? Tena Monza, penye sehemu ndefu za kunyoosha mguu, timu hufunga mabawa membamba yaliyolala. Monaco, penye kona tupu, hufunga makubwa yaliyosimama.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba sehemu ya nyuma ina umuhimu mkubwa kweli, ila si kwa namna wanayoidhani. Watu huitazama pua ya gari, wakati kazi ngumu iko mkiani. Hewa ikishindwa kuufuata mwili wa gari hadi mwisho, inajitenga, na nyuma panabaki eneo la kanieneo ndogo linalolivuta gari kurudi nyuma. Katika miaka ya 1930 mhandisi Wunibald Kamm na wenzake kule Stuttgart walionyesha kwamba si lazima mkia urefuke hadi kuchongoka. Ukiteremka taratibu kisha ukakatwa wima, faida kubwa inabaki na uzito wa bure unaondoka. Mkia uliokatwa wa Ferrari 250 GTO ya 1962 unatokana na fikra hiyo.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni Porsche 917. Lilipotoka mwaka 1969 lilikuwa na mkia mrefu, uliochorwa kupunguza ukinzani ili lipae kwenye mnyooko wa uwanja wa mbio wa Le Mans. Likawa linayumba kwenye mwendo mkubwa hadi madereva wa kiwanda wakawa hawalitaki. Mwezi Juni mwaka huo, dereva wa kujitegemea John Woolfe alifariki ndani yake katika mzunguko wa kwanza wa Le Mans. Oktoba gari likapelekwa Österreichring, Austria, kwa majaribio. Mhandisi John Horsman akaona jambo ambalo wengine walilipita: vijidudu vilikuwa vimepondeka na kuganda kwenye bodi, lakini spoila za mkiani zilikuwa safi. Maana yake hewa haikuzifikia kabisa. Ilikuwa imeshajitenga na kupita juu. Mafundi wakakata mabati ya alumini, wakatengeneza palepale mkia mfupi ulioinuka, na gari likatulia. Kwenye mnyooko lilikuwa na spidi ndogo kuliko lile la mkia mrefu, lakini ndilo lililoshinda Le Mans mwaka 1970, na tena 1971.

Sasa turudi kwenye Vitz. Kani ya bawa hufuata mraba wa mwendo: bawa linalokandamiza kwa kilo 160 ukiwa kilomita 240 kwa saa, ukiwa kilomita 60 linakandamiza kwa kilo 10. Begi la nguo kwenye buti ni zito zaidi. Isitoshe Vitz huvutwa na tairi za mbele, na bawa linakandamiza za nyuma. Na mengi ya mabawa haya yamefungwa chini ya usawa wa paa, kwenye hewa iliyokwisha kujitenga, kasoro ileile ya 917. Yanaongeza uzito na kelele, basi.

Spoila ndogo ya kiwandani ni habari nyingine. Huchorwa kwa gari hilohilo na kupimwa kwenye handaki la upepo, ili hewa iachane na bodi mahali panapofaa. Hiyo yaweza kupunguza ukinzani. Usiing'oe, na usinunue ya gari jingine.

Unayetaka mwendo au mafuta: ng'oa keria usiyoitumia, jaza upepo wa tairi inavyotakiwa, funga vioo ukiwa barabara kuu. Mlango wa nyuma wa pikapu uache umefungwa. Kuushusha hakusaidii kama wanavyosema. Unayeendesha kwenye mashindano, bawa unalihitaji: liinue lifikie hewa safi, nguzo zake zishikwe na vyuma vya bodi na si na mfuniko wa buti, na pembe yake iwe ya kurekebishika. Kabla ya kulipa, bandika vipande vya uzi wa sufu kwenye kioo cha nyuma na buti, mwenzako akurekodi kwa simu kutoka gari jingine, kwenye uwanja uliofungwa. Nyuzi zikilala zikielekea nyuma, hewa imeshika. Zikirukaruka ovyo, hapo usifunge kitu.