Kioo cha Kompyuta Kinapozimika Ghafla



Safari hii tumeona tuandike juu ya jambo lililotusumbua sisi wenyewe hapa Kilosa, na tunajua limewasumbua wengine majumbani: kioo cha kompyuta kuwa cheusi ghafla mtu akiwa katikati ya kazi. Kinawaka, kinazimika, kinawaka tena. Wengi wetu hapo hapo huamua kwamba kompyuta imekufa, au huenda kununua kioo kingine. Mara nyingi kioo hakina kosa.

Yaliyotufika ni haya. Tulikuwa tunaandika matokeo ya mtihani wa mwisho wa mwaka, na wazazi wamekwisha kualikwa Jumapili. Kioo kikawa cheusi. Tukasubiri, kikarudi, tukaandika majina mawili matatu, kikazimika tena. Watoto waliokuwa dirishani wakaanza kunong'ona kuwa ni jini. Tukawaambia jini hana haja na alama za Fiqhi. Fundi tuliyemwita hakugusa kitu, alitazama tu akasema, "Ustadhi, hiki kimekwisha, tafuteni kingine." Na fedha iliyokuwepo ilikuwa ya kununulia juzuu za watoto wanaoanza.

Inafaa ifahamike kwanza kwamba kioo na kompyuta ni vitu viwili. Kazi yako imo ndani ya lile boksi ambalo wengi huliita CPU; kioo kinaonyesha tu kile kinacholetewa na waya. Basi kikizimika usikimbilie kuchomoa umeme. Kama kibodi yako ina taa ya Num Lock, bonyeza kitufe hicho. Taa ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, kompyuta iko hai. Na kama faili ulikwisha kulipa jina, bonyeza Ctrl na S kwa pamoja, hata kama huoni kitu, nalo litahifadhiwa. Sisi siku ile hatukufanya hivyo. Tulichomoa plagi kwa hofu, zikapotea alama za darasa zima, tukakesha kuziandika upya kutoka kwenye karatasi.

Kisha tazama taa ndogo ya kioo chenyewe. Ikiwa imezimika kabisa, kioo hakipati umeme: angalia plagi, soketi na waya wake. Ikiwa ya kijani au bluu imebadilika kuwa ya njano au inapepesa, kwa vioo vingi maana yake ni kwamba kinapata umeme lakini hakiletewi picha. Chetu kilikuwa hivyo. Tulipofuata waya wa picha nyuma ya boksi tukakuta skrubu zake mbili hazipo, na meza ni ile inayoyumba kila mtoto anapoiegemea. Waya ulikuwa umeshikilia upande mmoja tu. Tukauchomoa, tukatazama vijiti vyake visiwe vimepinda, tukausukuma hadi mwisho na kuukaza kwa skrubu za waya mwingine mbovu. Kioo kile kile ndicho tunachotumia hadi leo, na juzuu zilinunuliwa.

Ikiwa taa ya kioo inaonyesha kila kitu ni sawa lakini uso ni mweusi, chukua tochi umulike kwa ubavu. Kioo bapa hakitoi mwanga chenyewe, kina taa nyuma yake. Ukiona maandishi kwa mbali, picha ipo ila taa ya nyuma haiwaki. Vioo bapa vya zamani vina mirija myembamba, jamaa wa zile taa ndefu za darasani. Mrija ukichoka, kioo huwaka sekunde moja au mbili kisha hujizima kwa kujilinda. Hiyo ni kazi ya fundi, na umuulize kama ametazama kapasita, vile vikopo vidogo vya ndani. Kikopo kizima ni bapa juu, kibovu huvimba, na bei yake ni ndogo sana kuliko ya kioo kipya.

Wapo pia wanaolalamika bure. Kioo kikizimika kila baada ya dakika zile zile hakuna aliyegusa kitu, na kikarudi ukisogeza mausi, hiyo ni kompyuta kulala kuokoa umeme. Muda wake hubadilishwa kwenye mipangilio.

Sasa twende Mikumi, ambako mzazi mmoja ana duka la uchapaji karibu na barabara kuu ya Iringa. Chake kilikuwa kinazimika jioni tu. Alinunua kioo cha pili, kwa fedha aliyokuwa ameiweka ya ada ya bintiye, nacho kikazimika vile vile. Tulipokaa naye jioni moja tuliona kwamba boksi nalo lilikuwa linajiwasha upya kila mara, na hutokea hasa friji ya soda inaponguruma kuanza. Hapo tatizo ni umeme kupungua. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Mota ya friji, au mashine ya kuchomelea ya jirani, huvuta mkondo mkubwa inapoanza, na kama nyaya ni nyembamba au transfoma iko mbali, volti hushuka. Vijana wakauliza, mbona Kidatu si mbali? Bwawa lile linazalisha umeme tangu 1975, lakini unaondoka pale kwa volti 220,000 kwenda Morogoro na Iringa. Kinachoamua dukani kwako ni njia kati ya transfoma na soketi. Tulihamisha friji kwenye soketi ya waya mwingine, akaongeza UPS ndogo. Kioo cha kwanza, kilichokuwa stoo chini ya magunia, kinafanya kazi.

Wanafunzi, tafadhali msifungue kioo wenyewe, hasa vile vya chogo. Ndani yake huwa na zaidi ya volti 20,000, na umeme huo huweza kubaki hata plagi ikiwa imechomolewa. Boksi ni jambo jingine: mkichomoa umeme, mnaweza kulifungua pamoja na mwalimu kupangusa vumbi, ambalo hapa kwetu halikosekani. Mwaka jana tulikuta mjusi amekauka juu ya feni.