Vitenzi katika Pendekezo la Mchezo

Makala haya yanafafanua kwa nini mapendekezo ya michezo ya kompyuta yanayotolewa na wageni wa fani hukataliwa upesi na wabunifu wazoefu. Hoja yetu ni kwamba kiini cha tatizo ni aina ya maneno yatumikayo. Mgeni hueleza kwa nomino na vivumishi: msitu mkubwa, shujaa shupavu, silaha kali. Mhakiki hutafuta vitenzi: mchezaji atafanya nini, na nini kitamzuia?

Tuchukue mfano wa Tetris, mchezo uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow katika miaka ya 1980. Hauna shujaa wala kisa. Huelezeka kwa kuzungusha, kusogeza na kupanga vipande vinavyoshuka ili kujaza mistari. Bao la Kiswahili vilevile, pamoja na kete zake 64, hufahamika kwa kunamua, kutakata na kula.

Hata hivyo, jibu la "halifai" halimfunzi mgeni kitu. Humnyamazisha, na pengine wazo jema hupotea pamoja naye. Swali la "mchezaji anafanya nini?" humwezesha kulikamilisha pendekezo lake. Kwa hiyo, uhakiki ufaao ni ule unaodai kitenzi badala ya kufunga mjadala.