Makato ya kahawa: nani abebe mzigo upi?

Msimu wa kahawa unapokwisha huku Umatengo, neno linalozusha mabishano katika mikutano ya vyama vya msingi ni makato. Mkulima huuliza: "Mbona nimekatwa sawa na yule?" Mimi naona swali hilo ni la haki.

Desturi ni kujumlisha gharama zote na kuzigawa kwa kilo. Tuchukue mfano wa kubuni. Chama kimetumia shilingi 6,000,000 na kupata kilo 60,000 za kahawa kavu ya maganda. Kila kilo hukatwa shilingi 100. Lakini nusu ya kahawa hiyo ililetwa ikiwa mbivu, ikamenywa, ikaoshwa na kuanikwa kwenye mtambo wa chama. Nusu nyingine wenyewe waliitengeneza nyumbani.

Mwaka 1988 Robin Cooper na Robert Kaplan wa Marekani walieleza njia nyingine: gharama ifuate kazi iliyoisababisha. Wenzetu wa Mbamba Bay wataelewa upesi: gunia la usipa mkavu ni jepesi lakini linajaza lori, hivyo nauli yake haifai kupimwa kwa kilo.

Tugawe upya. Mtambo ulikula 3,000,000. Hizo ziwahusu walioleta kahawa mbivu tu, shilingi 100 kwa kilo. Ghala na usafiri, 1,800,000: shilingi 30 kwa kila kilo. Karani, mizani na stakabadhi, 1,200,000 kwa mizigo 4,000: shilingi 300 kila mzigo, mkubwa kwa mdogo. Basi aliyeleta kahawa kavu, kilo 60 kwa mzigo, gharama yake halisi ni shilingi 35 kwa kilo. Naye alikatwa 100! Kesho atamwuzia mlanguzi, na mshahara wa karani utawabaki wenzake.

Lakini tahadhari. Mjane aletaye kilo 5 kila apatapo shida, karani peke yake atamgharimu shilingi 60 kwa kilo. Tukimtoza zote, atakimbilia magoma, yaani kuuza kahawa ikingali mtini kwa bei ya kutupa. Kumpunguzia ni uamuzi wa mkutano mkuu, ufanywe wazi. Au majirani waandikiane kilo zao, walete mzigo mmoja.

Katika mkutano ujao, usiulize tu makato ni kiasi gani. Uliza yametokana na kazi ipi. Mali bila daftari hupotea bila habari.