Habari za Kwao kwa Lugha ya Kwao

Ndugu wafanyakazi, mwezi Juni 1908 meli iitwayo Kasato Maru ilitia nanga katika bandari ya Santos, Brazil. Ilichukua Wajapani 781 waliofunga mkataba wa kuchuma kahawa. Sisi wa mkonge tungewaita manamba. Walitumaini kurudi kwao na mali. Wakakuta ujira mdogo na deni la duka la shamba. Wengi walivunja mkataba wakatoroka. Hata hivyo wengine walifuata, na leo hakuna nchi nje ya Japani yenye watu wengi wa asili hiyo kuliko Brazil.

Tunaeleza haya kwa ajili ya jambo lililowapata baadaye. Mwaka 1941 serikali ya Getúlio Vargas iliyafunga magazeti ya Kijapani. Vita vilipowafikia, wakanyang'anywa na redio. Wengi wao hawakujua Kireno cha kusomea gazeti. Agosti 1945 Japani ilisalimu amri, lakini huko mashambani wengi walikataa kuamini, wakasema ni uongo wa adui. Kikundi kilichoitwa Shindo Renmei kikashikilia kwamba Japani imeshinda. Watu wake waliwaua Wajapani wenzao zaidi ya 20, kwa kosa la kukubali ukweli. Kiburi cha taifa kilikuwamo, hatukatai. Lakini uvumi hunenepa pale ambapo habari hazifiki. Na sisi katika matawi yetu tunao wenzetu waliotoka ng'ambo ya mpaka: tangazo la mwajiri likibandikwa ukutani, wao husomewa na nani?

Sasa tuje kwenye televisheni. Miaka ya 1990 Wajapani walioko ng'ambo walianza kupata vipindi vya kwao kwa setilaiti. Ulaya walikuwa na JSTV, iliyokuwa na makao London. Marekani na Kanada walikuwa na TV Japan. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, nalo hurusha NHK World Premium kwa nchi nyingi. Mtu hufunga ungo juu ya paa, hununua king'amuzi na kulipa kila mwezi, maana picha zimefungwa kwa asiyelipa. Jambo moja tunalisifu: baadhi ya taarifa za habari huachwa wazi, ili hata asiye na fedha ajue kama kuna tetemeko la ardhi au hatari nyingine. Michezo mingine haionyeshwi kabisa, kwa kuwa haki za kuionyesha nje ziliuzwa kwa wengine. Biashara haina ndugu.

Tokyo ikiwa saa moja jioni, São Paulo ni saa moja asubuhi. Basi yale mashindano makubwa ya nyimbo ya kuamkia Mwaka Mpya, Kohaku Uta Gassen, wazee wa huko huyatazama kwa kahawa ya asubuhi.

JSTV ilifungwa mwisho wa Oktoba 2023. TV Japan ilifuata tarehe 31 Machi 2024, na mahali pake pakawekwa Jme, inayopatikana kwa intaneti. Kijana hubonyeza simu akapata. Bibi wa miaka 80 aliyezoea rimoti moja humngoja mjukuu aje amfungulie, na mara nyingi mjukuu mwenyewe Kijapani hakijui tena.