Kuanzisha hadithi ya katuni Rubya: pesa iende wapi?

Kijana wa Rubya, wilayani Muleba mkoani Kagera, anayetaka kuchora hadithi ya katuni kuhusu dunia iliyokwisha kuharibika ana njia mbili za kutumia akiba yake: kusoma waliyochora wengine na kuchapa ya kwake. Wengi ninaowafahamu humaliza pesa yote kwenye njia ya kwanza, au huiweka kwenye tableti ya kuchorea kabla hawajakamilisha ukurasa hata mmoja. Mimi naona sehemu kubwa ya pesa hiyo iende kwenye karatasi na wino. Nitaeleza sababu kwa shilingi, na ili hesabu isitusumbue nimechukua dola moja kuwa Sh 2,500.

Tuanze na kusoma. Akira ya Katsuhiro Otomo, iliyotoka Japani kati ya 1982 na 1990, ni vitabu sita vyenye kurasa zaidi ya 2,000. Seti yake ya jalada gumu ya 2017 ilitolewa kwa bei ya dola 200, yaani Sh 500,000, na hapo hujalipa usafirishaji. The Walking Dead ya Robert Kirkman ilidumu matoleo 193, tangu 2003 hadi 2019. Kitabu chake kinene cha kwanza kimekusanya matoleo 48 katika kurasa 1,088, na kilitoka kwa dola 60, sawa na Sh 150,000. Ukigawa kwa kurasa, cha Kirkman ni kama Sh 138 kwa ukurasa, na Akira inakaribia Sh 250.

Otomo ni mchoraji mkubwa kuliko wote niliowataja hapa. Hata hivyo, anayejifunza kazi na ana nafasi ya kununua kitabu kimoja tu, namshauri anunue cha Kirkman. Majengo ya Otomo yanayoporomoka yanataka saa nyingi kwa kila ukurasa na wasaidizi pembeni. Tony Moore, na baada yake Charlie Adlard, wanaiendesha hadithi ya Kirkman kwa nyuso, mikono na barabara tupu, bila rangi. Mtu mmoja mwenye kalamu anaweza kukaa nayo akajifunza ukurasa unavyopangwa. Wakichanga watano, kila mmoja anatoa Sh 30,000 na kitabu kinazunguka. Na kwa anayeagiza kupitia ndugu, akumbuke kwamba kutoka Bukoba maduka ya vitabu ya Kampala yako karibu mno kuliko ya Dar es Salaam.

Wasio na hiyo 30,000 hawajafungiwa mlango. Manga Plus, programu ya kampuni ya Shueisha ya Japani iliyoanza 2019, inaruhusu kusoma bure sura za mwanzo na za karibuni za hadithi nyingi. Unacholipa ni bando. Ipo pia filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, Pumzi ya 2009, inayoonyesha Afrika Mashariki miaka 35 baada ya vita vya kugombea maji. Haifiki nusu saa. Kwa mtu wa kwetu naihesabu kuwa somo lenye thamani kuliko matoleo mengi ya kigeni, maana udongo wake, jua lake na kiu yake tunavijua.

Baada ya kusoma linakuja suala la malighafi ya hadithi yenyewe, na hapa tofauti ya gharama ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Maiti wanaotembea ni bure kabisa. Filamu ya George Romero ya 1968, Night of the Living Dead, iliachwa bila tangazo la hakimiliki ilipobadilishwa jina, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya umma. Tangu hapo kila mtu amewachukua wafu wale. Kirkman mwenyewe aliwatoa huko na hakuficha. Lakini kwa kuwa ni bure, soko limejaa, na mfu anayetembea Muleba atashindana na wafu wa dunia nzima wenye rangi, matangazo na televisheni.

Hadithi zilizodumu mara nyingi zimetoka kwenye jeraha la mahali. Keiji Nakazawa alikuwa na umri wa miaka sita bomu lilipoangukia Hiroshima mwaka 1945. Mwaka 1973 alianza kuchora Hadashi no Gen kutokana na alichokiona, na kazi hiyo inasomwa hadi leo. Hayao Miyazaki ameeleza kwamba msitu wa sumu katika hadithi yake Nausicaä una mizizi kwenye ghuba ya Minamata, iliyochafuliwa na zebaki ya kiwanda hadi watu wakaacha kuvua, kisha samaki wakarudi.

Kagera ina majeraha ya namna hiyo, na kuyafuatilia hakuhitaji dola. Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe wa nchi za Maziwa Makuu. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia na daraja la Kyaka likavunjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba. Lakini kabla ya hayo yote, mimi ningeanza na mgomba.

Mnyauko wa migomba, ambao wataalamu wengine wanauita unyanjano, uligunduliwa nchini mwaka 2006, na uligunduliwa Wilaya ya Muleba. Majani yanakuwa ya njano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati bila mpangilio, na ukikata shina linatoa usaha wa njano. Bakteria wanaingia kupitia ua dume, wakibebwa na wadudu, au wanabebwa na panga la mwenye shamba mwenyewe. Ndiyo maana wakulima walifundishwa kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata, kupitisha panga kwenye moto au kulisafisha kwa jiki kabla ya kuhamia shina jingine, na kung'oa lililougua.

Mchoraji asome aya hiyo tena kama mtunzi. Kibanja kilicholisha ukoo vizazi vingi kinakufa, na chombo kinachokiua ni kile kilichokihudumia. Jirani anayekuja kusaidia kupalia anaweza kuwa ndiye anayeleta kifo, na hapo ukarimu wenyewe unaanza kuogopwa. Fikiria kijiji ambamo kila panga hupitishwa kwenye moto wa pamoja mbele ya mashahidi, na binti mmoja anayetafuta chipukizi zima ng'ambo ya rweya, uwanda wa nyasi. Hiyo ni hadithi ya matoleo 20, na utafiti wake ni nauli ya bodaboda hadi kwa ofisa ugani na jioni chache na wazee.

Jambo la pili ni chuma. Wanaakiolojia, Peter Schmidt akiwa mbele yao, walikuta huku kwetu Buhaya mabaki ya kuyeyusha chuma yenye umri wa miaka 2,000 hivi. Kazi hiyo ilikwisha kuachwa chuma cha kununua kilipoenea. Miaka ya 1970 wazee waliokuwa bado wanaikumbuka waliijenga upya tanuru: mirija ya udongo, mivukuto, mkaa na matete ya bwawani, hadi chuma kikatoka tena. Anayeandika kuhusu watu waliopoteza kila mashine asitafute mfano Tokyo wakati wazee wa Bukoba waliufanya kwa mikono yao.

Kuhusu UKIMWI nina ombi moja. Familia zilizofiwa bado zipo na zinajulikana kwa majina. Usichukue nyumba ya jirani ukaifanya tukio la kutisha ili uuze nakala.

Sasa uchapaji. Kijitabu cha A5 hukunjwa kutoka A4, hivyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Kurasa 24 zinakula karatasi sita, yaani pande 12. Tuseme stationeri inakutoza Sh 100 kwa upande: nakala ni Sh 1,200, sawa na Sh 50 kwa ukurasa. Weka jalada la rangi kwa Sh 1,000 upande wa nje peke yake, badala ya Sh 100 za upande huo, nakala inafika Sh 2,100. Afadhali jalada la manila ya rangi lililochapwa kwa wino mweusi. Chora kwenye A4 kisha ipunguze iwe A5, mistari itakaza na makosa madogo yatapotea. Ila vivuli vya kijivu vinavyopendeza katika The Walking Dead huharibika kwenye fotokopi, kwa hiyo tumia mistari ya msalaba au nukta.

Mtambo wa ofseti unafaa ukishafikia nakala mamia kadhaa. Karatasi moja ya A2 iliyochapwa pande zote inatoa kurasa 16 za A5. Kwa wino mweusi utalipia pleti mbili, kwa rangi kamili pleti nane. Rangi ndiyo inayomeza mtaji. Na kama unapendelea simu, Ibis Paint ina toleo la bure lenye matangazo. Kwenye kompyuta Krita ni bure kabisa. Tableti isubiri toleo la nne au la tano.

Magazeti ya katuni yaliyotutangulia yanafundisha biashara pia. Sani, la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, liliishi kwa msomaji aliyenunua nakala yake. Shujaaz, lililoanza Kenya mwaka 2010, lilimfikia msomaji bure kwa sababu wafadhili walilipa. Ukiwa Rubya, fuata njia ya Sani. Mfadhili anayelipia gharama hutaka neno lake kwenye hadithi. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda michoro yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ndio wanaosajili. ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Jarida linalotoka kwa vipindi linahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, basi muone ofisa habari wa halmashauri kabla hujaandika "kila mwezi" kwenye jalada.

Mwenye Sh 100,000 ningempangia hivi: Sh 30,000 mchango wa kitabu cha Kirkman, Sh 10,000 kalamu, penseli na nauli ya kwenda kwa wazee, Sh 60,000 nakala 50. Auze kwa Sh 2,000, amwachie mwenye duka Sh 300 kwa kila moja. Zikiisha ana Sh 85,000 mkononi. Hizo zinachapa nakala 50 za toleo la pili na kumbakishia Sh 25,000, ambazo namshauri azigeuze nakala 20 zaidi za toleo la kwanza, kwa kuwa msomaji mpya wa toleo la pili atataka pia la kwanza.